Siku Niliyompa Mwanamume Mji wa Mimba

Ile picha mnayotumiana kwenye kundi la simu, ya mtu aliyevaa koti jeupe la mpishi wa keki, kidole kimoja juu na mdomo wazi kama anahutubia taifa, ni mimi. Nakiri mapema ili msinichoshe na maswali. Aliyeandika chini yake "Bingwa wa uzazi wa wanaume" namjua, ni Kato, na siku yake itafika. Lakini kwa kuwa kila anayesimulia habari hii anatia chumvi yake (nimesikia kuna wanaosema nilitaka kumpasua mtu, uongo mtupu, sikuwa hata na kisu), acheni nieleze mwenyewe, maana aibu ni yangu.

Mimi Mbwana, mtu wa Tanga. Shule niliiacha kidato cha kwanza, si kwa kukosa akili wala kwa kukosa ada, ila kulikuwa na lori la machungwa linakwenda Mombasa na mimi Mombasa sikuwa nimefika. Nilipofika Mombasa nikaona si vibaya nikafika na Lamu, nilipofika Lamu nikasikia habari za Maskati, na hivyo hivyo, nikioka mikate hapa na kumenya viazi melini kule, mpaka leo nasafisha mabwawa ya kuogelea kwenye majengo ya Jumeirah Village Circle. Shule niliiacha, lakini kusoma sikuacha. Nikiona kitu kimeandikwa lazima nikimalize, hata maelezo ya nyuma ya ndoo ya klorini nayajua kwa moyo.

Sasa, ninaye mpwa wangu hapa Dubai, Rehema, mtoto wa dada yangu, wakati huo alikuwa anauza viatu katika lile jengo kubwa la maduka kule Al Barsha. Kutwa amepiga magoti anapima nyayo za watu, na tangu ana miaka sita anasema atakuwa daktari. Mwaka jana alifanya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari akakosa kwa alama tatu. Tatu tu! Na chuo chenyewe hakimruhusu mtu kuufanya mtihani huo zaidi ya mara mbili, kwa hiyo mwaka huu ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho, akikosa basi, viatu.

Alikuwa na kitabu kimoja cha mitihani ya majaribio, kimekwishatumiwa na watu wawili kabla yake, ndani yake mitihani mitano, kila mmoja maswali mia, na kila swali majibu manne, A mpaka D. Mimi kazi yangu huanza alfajiri na kufika saa nne nimemaliza, yeye zamu yake huanza saa nane, basi siku moja nikapita nyumbani kwa Bi Salma, bibi wa Kizanzibari ambaye Rehema alikuwa amepanga chumba kwake, nikamkuta mezani na penseli.

"Mjomba," akaniambia, "nishikie karatasi ya majibu, unisahihishe."

Hapo ndipo yalipoanzia. Ningesema nimechoka, leo ningekuwa mtu na heshima zangu. Lakini niliiona ile picha ya utumbo ukurasa wa kwanza, nikakaa.

Tukaendelea hivyo karibu kila siku, miezi miwili. Mimi nasoma swali kwa Kiingereza changu nilichokiokota kazini, yeye anataja herufi, mimi natazama karatasi, tiki au mkasi. Na katikati namsumbua: hiki ni nini, kile kinakaa wapi? Ndivyo nilivyolijua neno kongosho. Jamani, kongosho! Nilikaa na tumbo miaka arobaini bila kujua ndani yangu mna kitu chenye jina tamu namna hiyo, na kwamba ndicho kinachotengeneza insulini ya kushusha sukari. Wiki nzima nilisafisha mabwawa nikisema kongosho, kongosho, mpaka madam mmoja aliyekuwa anaogelea akaniuliza kama niko sawa.

Mitihani mitano ikiisha tunafuta penseli tunaanza upya. Raundi ya kwanza Rehema alipata hamsini na nane. Ya pili sabini. Ya nne themanini na tisa. Ya sita, tisini na saba, na Bi Salma akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Siku hiyo, kwa furaha, Rehema akanipa penseli. "Na wewe jaribu, mjomba."

Nikajaribu. Nikapata tisini na moja.

Mtu mwenye akili angejiuliza imekuwaje msafisha mabwawa wa kidato cha kwanza apate tisini na moja kwenye mtihani wa udaktari. Mimi sikujiuliza. Mimi nilisema moyoni, kumbe! Kumbe miaka yote hii! Nikaanza kutembea mikono nimeifunga nyuma. (Ukweli ni kwamba herufi zilikuwa zimeniganda kichwani kama zinavyoniganda namba za simu na za magari, nikisikia maneno mawili ya mwanzo wa swali herufi inakuja yenyewe. Lakini hilo nililijua baadaye, mbele za watu.)

Wa kwanza kumwambia alikuwa Kato, Mganda, mlinzi wa geti kwenye jengo ninalofanya kazi. Kato akasimama akanipigia saluti. "Dokta!" akasema. Kesho yake akaniletea goti lake. Nikalibonyeza, nikakunja uso, nikamwambia anywe maji mengi. Goti likapona (alikuwa ameligonga kwenye kiti, lingepona tu), na Kato akawatangazia walinzi wenzake, na ndani ya wiki nilikuwa na wagonjwa wanne, wote nimewaandikia maji.

Zikiwa zimebaki siku kumi na tisa mtihani ufike, Bi Salma akaandaa chakula Jumapili bustanini, watu waje wamwombee dua Rehema. Walikuja kama sitini, Watanzania, Wakenya, Waganda, Waislamu na Wakristo, masufuria ya pilau mpaka kwenye buti za magari. Kato akaja na koti jeupe, ameliazima kwa mwenzake wa chumba anayefanya kazi jikoni hotelini, vifungo safu mbili, kifuani pameshonwa picha ya keki. "Dokta, vaa sare yako," akasema. Ningekataa. Ila lilinienea vizuri sana.

Baada ya kula, Kato akasimama juu ya sanduku la barafu. "Ndugu zangu, ssebo huyu, bwana huyu mnayemwona, amepata tisini na moja! Bila shule! Anayebisha aulize!"

Akajitokeza Achieng, nesi Mkenya, mwanamke wa miwani na maneno machache. Akachukua kitabu mkobani kwa Rehema. "Haya daktari, si unasema unajua? Wacha nikuulize. Nitakutafsiria na Kiswahili, watu wafuate."

Akasoma, "Ni chumvi gani ambayo mwili..."

"B!" nikasema.

Akanitazama juu ya miwani. "Sijasoma majibu."

"Si lazima, dada. B. Yalla, lingine."

Ilikuwa B. Watu wakapiga makofi. La pili nikamkatiza katikati, A, sahihi. La tatu nikajibu akiwa bado anafungua ukurasa, maana nilikuwa nimeuona mchoro. Makofi, miluzi, Bi Salma anasema "Mashaallah, mashaallah, asipatwe na kijicho mwanangu." Mimi kidole juu. Nadhani hapo ndipo picha ilipopigwa, au labda ni sekunde chache baadaye, maana Achieng alikuwa anatabasamu kidogo, upande mmoja tu wa mdomo, na mimi nikadhani ni kuvutiwa.

"Mwanamume wa miaka sitini," akasoma polepole, "anapata shida kukojoa. Kiungo gani kimevimba?"

"D."

"Ngoja nisome majibu."

"Usijisumbue. D."

"Una uhakika, daktari?"

"D, khalas!"

Akafunga kitabu. "Herufi nimezibadilisha. Tezi dume sasa ni A, na D niliyoweka mimi ni mji wa mimba."

Nikasikia mafuta yanachuruzika kwenye nyama choma. Hapa ndipo mtu hukubali kosa, akacheka na wenzake, yakaisha. Mimi nilikuwa nimevaa koti. Nikakohoa, nikasema, "Kwa baadhi ya wanaume..."

"Wanaume wa wapi hao, Mbwana?" akauliza Bi Salma. "Wa kwenu Tanga?"

"Nasema, wakishakuwa watu wazima sana..."

"Banange!" Kato akapiga yowe, ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Dokta, na mimi nitauota? Lini? Nijiandae!"

Bustani nzima ikaanguka. Kuna mama alicheka mpaka akamwaga soda mapajani mwake. Wahindi waliokuwa wanacheza kriketi jirani wakasimamisha mchezo. Na mimi, badala ya kuvua lile koti nikaondoka, nikasema kwa ukali, "Uliza lingine!"

"Kiungo gani kinatengeneza insulini?"

"A!"

"A ni kope za macho."

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mji wa mimba nimeusamehe. Lakini kongosho! Kongosho nililijua! Lilikuwa langu, nilikuwa nimetembea nalo wiki nzima mdomoni, na nikaliacha limesimama pale mbele yangu nikachagua herufi, kwa sababu herufi ilikuwa haijaniangusha bado.

Watu wanalala chini kwa kicheko, nikatafuta uso mmoja wa kunionea huruma, nikamwona Rehema. Hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama na sahani yake ya pilau, imeinama, wali unaporomoka kwenye majani na yeye haoni.

"Dada Achieng," akasema. "Niulize mimi. Badilisha hivyo hivyo."

"Rehema, hii ni mchezo tu, mami."

"Niulize."

Achieng akamuuliza maswali sita. Rehema anasikia swali, midomo inatangulia na herufi, anajizuia, anasikiliza majibu, anababaika. Akapata mawili. Mtoto aliyekuwa na tisini na saba! Kicheko kikafa kimoja kimoja mpaka nikasikia tena mafuta ya nyama, na Bi Salma akasema kwa sauti ndogo, "Ya Rabi, huu sasa ndio mtihani."

Nilimkuta nyuma ya magari amekaa kwenye ukingo wa njia. Nikakaa naye, na koti langu la keki.

"Mjomba, nilikuwa nasoma herufi," akasema. "Miezi miwili. Hata mwaka jana nilifanya hivi hivi, kitabu kingine. Ndiyo maana."

Nusura nimwambie anywe maji.

Achieng akatufuata. Hakuwa na maneno matamu. "Mtihani ukiurudia mara sita haukupimi tena, unakusalimia tu. Kitabu hicho tupa. Mwenzangu kazini binti yake alifanya mtihani wa namna hii, ana karatasi nane hujawahi kuziona. Kila moja fanya mara moja, basi. Na ukikosa swali, usitazame herufi, mweleze huyu mjomba wako kwa nini jibu ni hilo na kwa nini yale mengine matatu siyo. Akielewa huyu, umeelewa."

"Kwa nini mimi?" nikauliza.

"Kwa sababu hujui kitu," akasema, "na unapenda kuuliza."

Sijawahi kusifiwa na kutukanwa kwa sentensi moja namna ile.

Siku kumi na tisa. Rehema akaomba abadilishiwe zamu dukani, na mimi kila nikitoka bwawani nakwenda moja kwa moja kwa Bi Salma, nanuka klorini, nakaa. Karatasi ya kwanza alipata hamsini na mbili, akalia kidogo, akafuta macho, akaanza kunieleza. Nilimuuliza kila kitu. Kwa nini figo mbili na ini moja? Kwa nini siyo bandama? Akishindwa kunijibu anafungua vitabu vyake vya shule, na akirudi anajibu kwa hasira, na nikielewa nagonga meza. Sitini na moja. Sitini na sita. Sabini na nne. Hakuna aliyepiga vigelegele, lakini zile zilikuwa alama zake kweli.

Siku ya mtihani nilimsubiri nje ya jengo, juani, mpaka shati likanishika mgongoni. Akatoka anatembea polepole.

"Ilikuwaje?"

"Mjomba, kulikuwa na swali la tezi dume."

"Ukajibu nini?"

"Nilianza kucheka, msimamizi akanikazia macho. Nikanyamaza. Halafu nikasoma majibu yote manne."

Alipita kwa alama tano juu ya zilizotakiwa. Sasa yuko chuoni, na kila wiki ananipigia simu: "Mjomba, niulize," nami nauliza, na bado sijui kitu, na bado nagonga meza.

Mimi nimeapa sitajibu tena swali kabla halijaisha. Hata mhudumu akiniuliza chai au kahawa, namwachia ataje vyote alivyo navyo, mpaka juisi ya embe, ndipo nichague. Koti nimelirudisha, nimelifua mwenyewe. Lakini kila asubuhi nikifika getini na wavu wangu begani, Kato anasimama, anapiga saluti, na kuuliza kwa upole wote, walinzi wenzake wakisikia:

"Dokta, umeamkaje? Na mji wa mimba?"

"Unaendelea vizuri," namjibu. "Kunywa maji."