Sun-rye na Samaki Walioshiba

Ok Sun-rye wa kisiwa cha Geoje alikuwa na mkono mzito. Kazi yake ilikuwa kuua changu wa kufugwa: rungu moja kichwani, kisu kwenye matamvua, damu kwenye ndoo ya barafu. Tangu mumewe azame, vizimba vya baharini vilikuwa vyake na shemeji yake, Bae Du-man, na hawakuwahi kumaliza wiki bila kutukanana.

Kilichowatoa damu ni njaa ya samaki. Sun-rye aliwanyima chakula siku kadhaa kabla ya kuwauza. Wale wanaosafirishwa hai, tumbo tupu halichafui tangi la lori, na nyama hukaza, haiharibiki upesi. Du-man aliona huo ni wazimu.

"Unawakondesha, shemeji! Tuuze miiba?"

"Kwa siku hizo hawakondi. Wewe ndiye ungekufa, na hilo tumbo."

Asubuhi ya kupakia Sun-rye alimkuta kwenye jukwaa la mbao linaloelea juu ya vizimba akimwaga ndoo ya mwisho ya dagaa, samaki wakigombania mpaka maji yanaruka. Alimshushia rungu begani, mfupa ukalia. Du-man akamrudishia ndoo ya usoni. Meno mawili ya mbele yakaenda. Wakashikana nywele, wakatumbukia kizimbani, samaki wakiwachapa mikia, mpaka dereva wa lori akawavuta kwa upondo.

"Pakia hivyohivyo!" Du-man alimfokea dereva, huku ameshika bega.

Samaki hawakufika soko la Busan. Njiani walitapika, wakanya, maji yakawa uji, wakafa wote. Lori liliporudi, Sun-rye alipasua mmoja. Utumbo ulikuwa umeoza tayari na nyama inabonyea kama tofu. Akakata mnofu, akamkaba Du-man.

"Kula! Si ulitaka walioshiba?"

"Niache, we mwana—"

Akamsokomeza mdomoni. Du-man akang'ata, na alipoachia, kidole cha Sun-rye kilikuwa kinaning'inia kwa ngozi. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, jinsi ambavyo hakuwahi kulia hata kwenye mazishi ya mumewe.

Hakuna aliyekwenda polisi. Baada ya siku chache Du-man alikuja, mkono umefungwa shingoni, akaanza kulikata jukwaa katikati kwa msumeno, kila mmoja abaki na vizimba vyake. Mbao zilikuwa zikimponyoka. Sun-rye alimtazama kidogo, akaja akazikanyaga zisiyumbe.

"Polepole. Utajikata mguu."

"Haikuhusu."

Alizikanyaga mpaka jukwaa likaachana. Tangu siku hiyo hawajasemezana.