Umri wa Bibi Luo

Pang Delu alichora wanyama kwa wino tangu ujana wake, na wengi wao hakuwahi kuwaona. Katika mji wa Jing hapakuwa na haja. Watu hawakununua mnyama, walinunua jina lake. Kwa lugha ya pale popo hutamkwa kama baraka, samaki kama ziada, na paka akimkodolea macho kipepeo, sikio la pale husikia: ufikishe miaka themanini.

Kazi hiyo ilimlisha vizuri, ikamwezesha kumzika mkewe kwa heshima, na sasa, uzeeni, ilikuwa imemfikisha kwa Qiaoyun, mjane muuza tofu. Qiaoyun alikubali kuolewa, ili mradi mama yake, Bibi Luo, aafiki.

Kwa hiyo siku ya kuzaliwa ya bibi, Delu alimpelekea paka na kipepeo. Bibi Luo alikuwa na miaka sabini na kitu kwa muda mrefu sana, na Delu, mtu muungwana, hakuwahi kuuliza hicho kitu ni kipi.

Karatasi ikakunjuliwa mezani, kando ya tambi za maisha marefu. Qiaoyun akamvuta Delu shati.

"Ana themanini na mbili," akanong'ona.

"Kumbe mkwe ananitakia mema," akasema Bibi Luo. "Nife mwaka juzi."

"Mama, sikujua..."

"Hukujua nini? Kwamba bado napumua?"

Wino ukishanywewa na karatasi haufutiki. Mtu anaweza kuongeza tu. Delu akatoa brashi mfukoni, akaziongezea mbawa za kipepeo ncha kali, akamtia masikio na vijikucha. Akawa popo, mnene kidogo.

"Baraka, mama. Baraka haina umri."

Bibi akainama kuchungulia. "Na huyu paka anataka kuila baraka yangu?"

"Hapana, anaingojea ishuke."

"Mwongo wewe! Paka ana njaa, anaonekana. Mchoree samaki, la sivyo baraka yangu haifiki kesho."

Delu akachora samaki mkubwa kuliko paka. Paka, ambaye macho yake hayakubadilishika tena, akaendelea kumkodolea popo. Bibi Luo akacheka mpaka akashika meno yake ya bandia yasianguke.

"Qiaoyun! Mbona mumeo hana bakuli? Mpakulie tambi, zile ndefu. Mchoraji ovyo namna hii, itakuchukua miaka kumzoea."