Ukurasa wa Sindano

Nakumbuka siku moja niliulizwa swali jepesi, nikakosa la kujibu: "Na shule yenu, mwalimu, ilianzaje?"

Aliyeuliza ni Bi Gerda, mwalimu mstaafu kutoka mji mdogo wa Ujerumani. Shule yake na shule yetu ya wasichana hapa Malindi zilikuwa zimefunga urafiki, naye akatuletea kijitabu cha historia ya kwao. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na Kijerumani changu, hata miezi mitatu kazini sijatimiza, nikapewa kukifasiri na kukisoma mbele ya wanafunzi.

Mwanangu, siku hizo nilibishana na kila kitu, hata saa ya ukutani.

Kijitabu kilisimulia hivi. Mwanamke mmoja alikodi vyumba viwili juu ya duka la mikate, akafungua shule ya wasichana, kwa kuwa shule kubwa ya mji ilipokea wavulana peke yao. Wakubwa wa mji wakamuuliza atafundisha nini. Akajibu, kushona. Basi mabinti wakaja na sindano zao, na mlango ukishafungwa wakatoa vitabu vya hesabu. Ilichukua muda mrefu hata wakaruhusiwa kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Leo wavulana nao wanasoma humo, na nadhani wengi hawajui kwamba wao ndio wageni.

Ukurasa wa sindano niliuruka. Nilijiambia wasichana wetu wameshahimizwa kushona vya kutosha.

Bi Gerda, aliyekuwa akifuatilia kwa kidole, akaniomba niurudie. Nikausoma mbiombio, nimenuna. Hapo ndipo akauliza shule yetu ilianzaje.

Nyanya yangu alikuwa ameketi mstari wa mbele. Nilikuwa nimemwalika kutoka kwetu, mtaa wa Barani, aje anione nikisema Kijerumani. Akanyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Hilo la sindano nalijua mimi," akasema. "Sisi tulipokuwa tukishona kofia—"

"Nyanya," nikamkata, "mgeni anauliza habari za shule, si za kofia."

Wasichana wakacheka. Nyanya naye akacheka kidogo, akashusha mkono.

"Haya, mwalimu. Mwenye chaki ndiye mwenye maneno."

Bi Gerda alitaka nimfasirie alilosema mzee. Nikamwambia si kitu. Akasema, "Mimi ningemsikiliza."

Jioni nilikwenda Barani kumwomba nyanya radhi. Alinipokea vizuri, akanimiminia chai, akaniuliza kama nimekula. Nilipomkumbusha habari ya kofia, akasema, "Ah, imeshapita hiyo." Nikaridhika upesi mno. Kabla ya Ramadhani iliyofuata tulimzika.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nilijua kwamba shule ya Ujerumani ilianzia juu ya duka la mikate, nisijue lolote la ukumbi wa nyanya nilimotambaa mimi mwenyewe. Sikukatazi kuuliza, mwanangu. Mimi hadi leo sijaacha, na wenzangu wamechoka nami. Lakini ukiuliza, ngoja jibu. Na anayekujibu akianza mbali, kwenye kofia, au kwenye mbuzi wa jirani aliyepotea Kakuyuni, mwache afike. Usimkate mzee mbele za watu ukidhani utamuunga faraghani. Radhi utaipata, habari huenda usiipate.

Mola akupe ulimi usioogopa kuuliza na sikio lisilo na haraka, na akuwekee wazee wako mpaka ujue la kuwauliza.

Miaka mingi baadaye niliifumua kofia ya babu, aliyoshonewa na nyanya, nipate kubadilisha kitambaa kilichochakaa. Baina ya vitambaa viwili mlikuwa na herufi zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi, a mpaka z, na chini yake majina saba ya wasichana wa Barani. La tatu lilikuwa la Bi Rukia, jirani yake nyanya, ambaye bado yu hai. Nikampelekea. Akavaa miwani, akaligusa jina lake, akaniambia: hao saba ndio waliokuwa darasa la kwanza la shule yetu, ukumbini mwa nyanya yangu, baba zao wakijua wanashona kofia tu, na mwalimu wao alikuwa nyanya.