Mtoto wa Ghorofani

Kwetu Lamu paka hana mwenyewe. Analala baraza hii, anakula vichwa vya samaki nyumba ile, na akizaa anazaa ndani ya kapu la yeyote aliyesahau kulifunika. Hutamsikia mtu mzima akisema huyu paka ni wangu, watamcheka. Nayasema haya mapema nisije nikaonekana mwizi. Mengine yaliyonipata Dar es Salaam nayabeba mwenyewe, lakini mwizi sikuwa.

Mume wangu alikuwa karani bandarini Mombasa, akahamishiwa bandari ya Dar es Salaam. Ilikuwa miaka ya hamsini, Kenya ina gavana wake na Tanganyika ina wake, na kwangu mie ile ilikuwa nchi ya watu. Tulipanga vyumba viwili nyuma ya ghorofa moja pale Kariakoo. Wenye nyumba walikuwa Wahindi wa Kibaniani, wakikaa upande wa mbele na ngazi yao, sisi tukitumia ngazi ya uani. Watu safi, wapole, hawali nyama wala samaki, na sharti lao lilikuwa hilo tu, kwamba samaki asipikwe ghorofani. Mume wangu akakubali palepale bila hata kunitupia jicho. Mtu wa Lamu unamwambia asipike samaki, utadhani unamwambia asipumue. Nilinuna siku nyingi, naye akajifanya hanioni.

Alikuwa akitoka alfajiri na kurudi jioni kwa miguu, akikatiza Mnazi Mmoja. Mimi nabaki na mlango. Nyumba ya mama yangu haikupata kuwa na saa isiyo na mtu. Ukiinuka kwenye mkeka, mwingine kaketi. Hapa nilizisikia chini sauti za wauza vitunguu, makuli wakipigiana kelele na magunia yao, cherehani za mafundi barazani, na katika sauti zote hizo hakuna hata moja iliyoniita mimi. Nilikuwa nikifagia chumba kilichokwisha fagiwa. Siku moja nikafungua mlango wa ngazi, nikamkuta paka kaketi kwenye daraja la juu, amekonda, ana milia, sikio moja limechanika. Nikamwita kwa mdomo kama tunavyowaita kwetu, akaingia ndani moja kwa moja, akapanda kitandani.

Nikafurahi, sisemi uongo, kama niliyepata mgeni kutoka nyumbani. Lakini nimpe nini? Samaki hakuna. Mchuzi wa kunde aliunusa, akaniangalia kwa dharau. Ikabidi nikamnunulie maziwa ya kopo, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kwetu mwanamke haendi dukani, hutuma mtoto. Ukiwa huna wako, unamtuma wa jirani. Dar es Salaam sikuwa na wangu wala sikumjua wa jirani, basi nikavaa buibui langu nikashuka mwenyewe. Chini ya ngazi yetu palikuwa na duka la Mchagga mmoja, mtu mzima kiasi, na nyuma yake stoo iliyojaa maharage, vitunguu na viazi kutoka kwao Kilimanjaro. Muungwana sana. Mtu hakupita mbele ya duka lake bila kusalimiwa, na salamu yake ilikuwa kamili, haachi kitu: hujambo mama, bwana hajambo, watoto hawajambo. Nami nikajibu hawajambo. Nani angejibu vinginevyo? Mtu yuko kitandani anakata roho bado atakwambia hajambo. Unaulizwa watoto, unasema hawajambo, unapita zako.

Ila mimi sikupita, nilisimama nikaomba kopo la maziwa. Akalishusha kutoka rafuni, akalifuta vumbi kwa kiganja, akauliza ni ya mtoto?

Nilikuwa nimeolewa miaka ya kutosha watu kuacha kuniuliza na kuanza kunong'ona. Kila shangazi alikuwa amekwisha nitazama tumbo. Nilikuwa nimekunywa dawa za kila rangi, nimesomewa, nimefukizwa, na wanawake wenzangu walikuwa wakiwaondoa watoto wao mapajani mwangu taratibu, kwa kisingizio cha kuwaogesha. Na hapa alikuwa mtu asiyejua lolote kati ya hayo, ananiuliza kwa uso mkunjufu kama anavyomuuliza mwanamke yeyote. Nilinyamaza tu. Kunyamaza kwangu akakuchukua kuwa ndiyo, na wallahi nilipanda ngazi ile nikiwa mwepesi.

Basi ikawa hivyo. Kila nikishuka, mtoto hajambo? Hajambo. Anakunywa vizuri? Anakunywa. Siku nyingine nikaongeza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba leo ana mafua kidogo. Akaniambia nimpake mafuta ya karafuu kifuani, nami nikamshukuru. Nikirudi juu namkuta huyo mwenye mafua kajinyoosha juu ya shuka, mzima, ananenepa. Nilimfungia ndani mchana kutwa kwa sababu mama mwenye nyumba hakutaka aingie jikoni kwake, naye wala hakuomba kutoka. Aibu nilikuwa naiona, kwa nini nisiione, lakini ilikuwa aibu ya kuvumilika, ya mtu aliyevaa nguo ya kuazima na hakuna aliyemtambua.

Mwenye duka akaanza kulalamika panya. Paka wake wa stoo ametoweka, akaniambia, na panya wanamalizia maharage. Alikuwa paka mkali kupita kiasi, hapewi chakula ili awinde, na panya wote wa mtaa walikuwa wakimjua. Nikampa pole. Nilimpa pole kwa moyo mweupe kabisa, paka wake yuko juu ya kitanda changu, na haikunipitia akilini hata chembe. Wangu alikuwa akiwaogopa mende. Tena nani aliyewahi kusikia duka lina paka wake?

Aliyenifumbua macho ni mke wa mwenye duka. Mama yule alikuwa akikaa nyuma kwenye stoo akichambua maharage, hatukuwa tumezungumza zaidi ya shikamoo na marahaba. Asubuhi moja nikasikia hodi, nikafungua, huyo hapo anahema kwa ngazi, ameshika kitu kilichofungwa kwenye karatasi. Akaniambia amekuja kumwona mtoto. Amesubiri nimshushe chini hata jua la asubuhi limpige, akaona simshushi, basi amepanda mwenyewe.

Nikasema amelala. Nilisimama katikati ya mlango, mkono huku na mkono huku, kama mwenye deni anayemzuia mdai. Na hapohapo paka akapita kati ya miguu yangu, akaenda moja kwa moja kwa yule mama, akajisugua kwenye gauni lake, akikoroma kwa furaha.

Mama akamtazama paka. Akatazama lile sikio lililochanika. Kisha akainua macho, akaangalia kupita bega langu, chumba chote: kitanda, mkeka, kisahani cha maziwa sakafuni. Hapakuwa na nepi kwenye kamba wala kijinguo chochote. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane, anite mwizi, aite watu, maana hapo ningepata la kujibu na mimi si mtu wa kukosa la kujibu. Hakufanya hivyo. Alinitia ile karatasi mkononi, akaufunika mkono wangu kwa wake.

"Akiamka mvalishe, mdogo wangu," akasema, akashuka.

Ndani ya karatasi kulikuwa na kigauni cha maua madogo, kimeshonwa kwa mkono, kola yake imezungushiwa utepe. Niliketi nacho sakafuni. Nikajiuliza kwa nini gauni, mimi sikupata kusema kama ni wa kike au wa kiume, lakini sikukaa na swali hilo, nilikuwa na moto wangu. Huruma ya yule mama ilinichoma kuliko aibu zote nilizowahi kuona kwetu. Niliona kuwa atalichukua jambo langu atalifunika, na kila nikishuka atanitazama vile, na nitaishi mtaa ule kama kidonda kilichofunikwa kitambaa. Hasira zikanipanda. Nikasema kama ni aibu, nitaitoa mwenyewe hadharani, ikaishe.

Sikungoja hata adhuhuri. Nikamkunja paka ndani ya leso, hiyo wanayoiita khanga huku, nikaweka kigauni juu yake, nikashuka. Duka limejaa. Makuli wameegemea magunia, wanawake wamepanga foleni ya vitunguu. Nikawapita wote.

"Nimemleta paka wako," nikamwambia mwenye duka. "Alikuwa kwangu, na maziwa yote yale yalikuwa yake. Mimi sina mtoto, baba. Sijapata kuwa naye."

Nililisema kwa sauti, watu wote wakasikia. Ninavyokumbuka, kwa muda mfupi nilijiona nimetua mzigo. Yule baba alibaki na kibaba cha maharage mkononi. Hakuonekana kukasirika, alionekana kutoelewa, kama mtu aliyeambiwa nyumba anayoiona mbele yake haipo.

"Lakini mama," akasema, "bwana juzi tu kaniambia binti ameanza kusimama dede."

Na akamtaja huyo binti kwa jina. Lilikuwa jina la marehemu mama mkwe wangu, mama yake mume wangu, aliyekufa anangoja kuitwa nyanya. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina hilo, ni haki ya baba kulitoa. Tangu tumzike yule mama sikuwa nimemsikia mume wangu akilitamka.

Mke wa mwenye duka akasema kutoka stoo, taratibu, nyamaza baba. Ilikuwa imechelewa. Kuli mmoja akatazama chini. Nikamweka paka sakafuni, akaenda zake kati ya magunia bila kugeuka, na mimi nikapanda ngazi nikijishika ukutani.

Mchana ule wote niliyaelewa mambo moja moja. Kila jioni mume wangu alikuwa akiniletea ndizi mbivu mbili tatu kwenye karatasi, za Kilimanjaro, nami nilikuwa nikizila bila kuuliza, nikidhani ni za kunibembeleza kwa ajili ya samaki. Nikaelewa pia kwamba nilichokivua dukani hakikuwa changu peke yangu. Nilikuwa nimemvua na yeye nguo mbele ya makuli, mtu ambaye kesho angewakuta hao hao chini ya ngazi. Miaka yote ile nilidhani mimi ndiye nisiye na mtoto. Haikunijia hata siku moja kwamba na yeye hana.

Njia ya kumwokoa ilikuwepo. Ningeshuka nikamsubiri Mnazi Mmoja, nikamwambia kabla hajafika. Lakini kwenda huko lazima upite mbele ya duka. Nilifika mpaka katikati ya ngazi mara nyingi, nikarudi. Jioni ilipoingia nilikuwa nimesimama juu, mlango wazi, nikamsikia anafika.

Alikuwa mchangamfu. Mume wangu mie, ambaye nyumbani maneno yake yalihesabika, chini pale alikuwa na sauti nyingine kabisa. "Vipi, bwana," nikamsikia akimwambia mwenye duka, "binti, mama yangu mdogo, ameniagiza ndizi. Na leo sithubutu kuingia mikono mitupu, ameota jino."

Nikang'ata leso yangu. Kisha nikasikia karatasi ikikunjwa, na yule Mchagga, Mungu amlaze pema popote alipo, akasema, "Chukua, bwana. Mpelekee." Nikasikia mume wangu anataka kulipa na mwenzake anakataa, na katika kule kukataa mume wangu akazubaa kidogo, kama aliyehisi kitu. Akapanda polepole kuliko kawaida. Aliponikuta pale juu ya ngazi alijua nimemsikia.

Tukaingia ndani. Akaziweka ndizi juu ya meza, akaangalia kitandani, akauliza paka yuko wapi. Nikamwambia nimemrudisha kwa mwenyewe, alikuwa paka wa dukani. Akaniuliza nimewaambia nini. Nikamwambia yote, tangu mafua mpaka kigauni, na jinsi nilivyosimama mbele ya watu nikasema. Nilisema nikitazama mkeka. Sikulia, nilikuwa naona haya hata ya kulia mbele yake.

Kisha akauliza, "Leo asubuhi?"

"Leo asubuhi."

"Ungeningoja," akasema. "Tungeshuka wote."

Akainuka, akachukua kofia yake aliyokuwa amekwisha ivua, akaivaa sawasawa, akazirudisha ndizi kwenye karatasi yake. Alisimama mlangoni kidogo, nikajua ananipa nafasi ya kufuatana naye. Asubuhi ile kwa ajili yangu mwenyewe nilikuwa nimeipita foleni nzima kifua mbele. Kwa ajili yake sikuweza kuinuka kwenye mkeka. Akashuka peke yake kwenda kusema.