Maneno Yenye Sh

Kila nipitapo mahali wanapoanika omena, wale dagaa wa ziwani, mimi huwa tena yule mtoto wa darasa la sita aliyeshika karatasi.

Mwalimu alikuwa amenichagua kuwakaribisha wazazi shuleni. Lakini ulimi wangu, uliozoea Dholuo, lugha ya nyumbani, haukuiweza sauti ya sh. Nikisema "sule", darasa zima linaangua kicheko. Wiki nzima sikutulia. Niliandika na kufuta: "shida" nikaifanya "taabu", "shukrani" nikaifanya "asante", hadi karatasi ikatoboka. "Shule" na "karibisha" sikuyapatia mbadala.

Siku ilipofika, mama alikuja moja kwa moja kutoka ufuoni, akaketi kwenye benchi la mbele. Harufu ya omena ilinifikia kabla sijafungua mdomo.

"Wazazi wetu, ninawakaribisa katika sule yetu..."

Wenzangu wakacheka. Nikaishusha karatasi, miguu ikitafuta mlango. Ndipo mama akasimama.

"Endelea, nyathina, mwanangu," akaniambia, kwa sauti ileile anayoitia wateja sokoni. "Sisi tumekuja kusikia wewe."

Mwalimu akamwomba akae.

"Nitakaa akimaliza, mwalimu."

Nikasoma, kila sh ikitoka s. Kicheko kikafifia, kikaisha. Kama nilipigiwa makofi, sikumbuki. Namkumbuka mama, amesimama peke yake katikati ya watu walioketi, mpaka neno la mwisho.