Bi Nukta na Kitufe cha Kijani

Katika idara ile ya uuguzi, wahadhiri wenye shahada tatu tatu walimwogopa mtu mmoja tu, naye hakuwa na hata moja: katibu muhtasi. Miaka ishirini na sita alikalia kiti kile kile, chenye mto aliojishonea mwenyewe, akipiga barua za wakubwa, na barua yenye koma iliyokaa vibaya haikutoka mlangoni pake. Ndiyo maana wakamwita Bi Nukta. Jina hilo alilijua, na lilimpendeza.

Mwaka huo chuo kilianza kufundisha kwa kompyuta. Masomo, kazi na matokeo, vyote vikawekwa kwenye programu moja ya bure, nayo ilizungumza Kiswahili. Kiswahili gani, hilo ndilo swali.

Ijumaa moja asubuhi dada mkubwa wa Bi Nukta akapiga simu. Dada huyo alikuwa mkunga, na kwa ubishi wake alikuwa akisomea shahada ukubwani, huko huko kazini kwake, mbali na chuo.

"Mdogo wangu, hii kompyuta yenu ina ugomvi na mimi?"

"Imefanya nini tena, dada?"

"Nimemaliza kazi ya mwalimu, nataka kuipeleka. Juu imeandikwa 'Mstari wa kifo: leo saa sita'. Chini kuna kitufe cha kijani, kimeandikwa 'Salimu amri'. Mimi nimezalisha wanawake elfu mbili, sijawahi kumsalimia mtu amri. Sibonyezi!"

Bi Nukta alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Alipoiokota akatazama saa: saa tano na nusu ilishapita. "Dada, nakuomba, leo salimu tu. Nitakutetea baadaye."

Kazi ikafika zikiwa zimebaki dakika kumi. Bi Nukta naye akashuka ngazi hadi chumba cha fundi wa kompyuta, akamkuta kajikunja chini ya meza katikati ya nyaya.

"Mwenye programu hii ni nani? Nataka kumwandikia."

"Haina mwenyewe, Bi Nukta," fundi alisema akijitoa mavumbi. "Wanaitengeneza na kuifasiri kutoka Kiingereza watu wa kujitolea, huku na huko duniani. Ukiona kosa unalirekebisha, wenzako wanakagua, likikubaliwa linakwenda kwenye vyuo vyote."

"Vyote?"

"Vyote vinavyoitumia kwa Kiswahili."

Bi Nukta akavuta kiti, akaketi. Maisha yake yote alikuwa akisahihisha maneno ya wakubwa, na wakubwa wakitia sahihi zao chini.

Fundi akamwonyesha ukurasa wa kuandikia. Bi Nukta akaandika kama alivyofunzwa: tarehe juu, kisha "Yah: Maneno Yasiyofaa Kwenye Kitufe cha Kijani", na mwisho "Wako mtiifu". Jibu likaja kutoka kwa mkaguzi wa tafsiri, mwalimu wa hesabu wa nchi nyingine kabisa: "Dada, barua yako ni nzuri kuliko programu yenyewe. Wewe ungeandika nini?"

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mfasiri mmoja alitaka "Tuma", mwingine "Wasilisha", na siku tisa zikapita hakuna aliyelegeza kamba. Bi Nukta akamuuliza dada yake.

"Kutuma, natuma salamu," mkunga alisema. "Kuwasilisha ni mambo ya bungeni. Mimi zamu ikiisha namkabidhi mwenzangu wodi, naenda zangu kulala. Andika 'Kabidhi'."

Bi Nukta akayapeleka maneno hayo kama yalivyotamkwa, na siku hiyo hiyo ubishi ukaisha. Na ule mstari wa kifo ukawa "Mwisho wa kukabidhi".

Mwonja asali haonji mara moja. Kila siku baada ya chakula cha mchana alinyoosha sentensi kumi, mpaka akafika kwenye ile ya kumkaribisha mtu. Ndani yake mlikuwa na neno la ajabu kwenye mabano. Hakujua kwamba hapo ndipo programu inapotia jina la mhusika. Akalitafsiri vizuri kabisa.

Jumatatu mkuu wa idara akasimama mbele ya meza yake. "Bi Nukta, mimi ni nani?"

"Wewe ni mkuu wetu, profesa."

"Kompyuta inasema 'Karibu, Jina Lako'."

Ilisema hivyo kwa kila mtu, katika vyuo kumi na kimoja. Bi Nukta alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamwandikia mkaguzi kwamba anaacha, safari hii bila hata "Yah".

"Nami nililiona nikalipitisha, kwa hiyo tumeanguka wawili," mkaguzi akajibu. "Mwaka wangu wa kwanza nilifuta mtihani wa chuo kizima. Rekebisha, kisha urudi. Yamebaki maneno elfu tatu."

Alirekebisha kwa dakika tano, fundi akiwa amesimama nyuma yake. Hata hivyo wanafunzi kwenye korido waliendelea kuitana Jina Lako wiki nzima.

Siku hizi yeye mwenyewe ni mkaguzi. Kila Jumatano makatibu muhtasi wanne wa idara nyingine huja na viti vyao, na vicheko vyao husikika hadi chini kwa fundi. Juzi walibishania aambiweje mtu aliyekosea neno la siri. Mmoja alitaka "Umekosea" tu. Bi Nukta akasema huko ni kumkaripia mtu mzima. Akapendekeza "Samahani, jaribu tena taratibu". Ikapita kwa kura nne kwa moja, na aliyeshindwa akanuna mpaka chai ilipoletwa.