Machungwa ya Malimbuko

Nianze kwa kukiri kwamba mpaka leo nikipita mbele ya kanisa letu hapa Katelembo naangalia upande wa pili wa barabara, na msinicheke kabla sijamaliza, maana hata ninyi mngekuwa na macho kama yangu, yanayoona vitu ambavyo bado havijakuwepo, yangewapata yayo hayo.

Nilikuwa nimeenda Kyumbi kwa shughuli nyingine kabisa, nikaona miche ya michungwa kando ya barabara, bei nusu ya ile ya kitalu ambacho mke wangu Ndinda alikuwa amenielekeza. "Hizi zote nimepandikiza mimi mwenyewe," muuzaji akaniapia, akinionyesha utepe wa plastiki uliofungwa kwenye kila shina, pale kijiti cha mchungwa kinapounganishwa na mche wa mti mwingine. Nikabaki nimesimama katikati ya vumbi nikiona shamba letu limejaa maua meupe na nyuki, mimi na Ndinda tumekaa kivulini tukimenya machungwa polepole, na nilipozinduka miche ilikuwa tayari iko kwenye gunia.

Shida ni kwamba kipande pekee kilicho karibu na maji kilikuwa cha Ndinda, cha mbaazi zake, na mbaazi hizo ndizo zilizokuwa zikimpa sauti sokoni na nyumbani. Nikamsimulia kivuli na nyuki, na siku ya tatu akazing'oa kwa mikono yake. "Baba Mutua, hii ndiyo shamba niko nayo. Usinichezee."

Miti ikakua. Nilipofungua ule utepe sikuona kovu lolote chini yake, nikafurahi kwamba kidonda kimepona vizuri (ndiyo, nilifurahi). Ikaota miiba, nikasema ni ya kuwafukuza mbuzi. Mwaka wa nne ikazaa matunda ya manjano yenye ngozi ya vipelevipele, na Ndinda alipochukua kisu nikamzuia, kwa sababu nilikuwa nimeweka nadhiri kwamba hakuna atakayeonja tunda lolote kabla ya malimbuko kufika mbele za Mungu. Laiti ningemwacha akate!

Jumapili ya mavuno ikafika. Kwetu mazao yanayotolewa hupigwa mnada baada ya ibada, kuku, mahindi, maboga, na kikapu changu kilipoletwa mbele nikaomba niseme neno moja tu, na hilo neno moja likawa refu kama mahubiri, nikaeleza kivuli, nyuki, harufu ya maua asubuhi, nikawakaribisha wote waje kwetu wanywe juisi, na Ndinda, kwenye benchi la akina mama, alikuwa anatabasamu. Pasta akaguswa. "Kabla tuuze, wacha tuonje baraka!" Akamenya moja, akauma nusu nzima.

Akafumba macho. Akainua mikono juu. Kanisa zima, likidhani ameanza kuomba, likainamisha vichwa, na mimi nikainamisha changu, tukangoja maombi ambayo hayakuja, mpaka mzee wa kanisa aliyesimama kando yake akaonja naye na kusema kwenye maikrofoni, "Aiya! Ndugu, hii ni ndimu!"

Sijawahi kusikia nyumba ya Mungu ikicheka vile. Mama mmoja akasema atachukua kikapu chote, kwake wote wako na mafua, na mimi bado nilikuwa nimesimama pale mbele.

Njiani Ndinda alitangulia, hakugeuka hata mara moja. Nilipomfikia nikamwambia kesho nitang'oa kila shina, mbaazi zake zirudi. Akasimama.

"Mbaazi nitapanda, hiyo si shida. Miaka hii yote ukiongea nilikuwa najiambia ni maneno tu. Lakini leo ukiongea pale mbele, hata mimi nikaona hayo machungwa. Nikaona kabisa."

Jamani, kicheko cha kanisa zima hakikuniumiza kama maneno hayo. Kipande kile sasa ni mbaazi tupu, na mche wa bei ya kutupa sinunui tena hata nikipewa pamoja na mfuko. Lakini kiapo changu hasa ni kingine (ninyi ndio wa kwanza kukisikia): ndoto yoyote nitakayoota, sitamsimulia Ndinda kabla sijaionja mimi kwanza.